Fisi Alivyopanda Mashati

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na fisi mwenye duka.
— Duka la nini?
— La mashati ya kijani. Basi sogeeni karibu, na aliyevaa kijani leo asinikasirikie.

Hapo kale palikuwa na Fisi aliyechemsha mashati. Alikuwa na pipa kubwa la rangi. Pipa lilitaka moto, na moto ulitaka kuni. Fisi akaingia msituni na shoka. Kwa, kwa, kwa, puu! Leo mti mmoja. Kwa, kwa, kwa, puu! Kesho mti mwingine. Mashati yakatoka pipani ya kijani kama jani, naye akayatundika dukani akiimba:

"Shati langu la kijani,
lapenda miti, jamani!
Likichakaa lifukie,
mti utaota shambani."

Wanyama wakapenda. Nani asiyependa kupendeza na kutenda mema kwa mpigo mmoja? Pundamilia akanunua, Ngiri akanunua, Swala akanunua mawili. Mvua ya kwanza ikanyesha, rangi ikashuka: chururu, chururu. Pundamilia akawa na milia ya kijani. Ngiri akawa kijani mpaka meno. Wakayavua mashati, wakayaficha, wakanyamaza, maana waliona haya.

Bi Kindi hakununua. Mkia wake ulimtosha. Yeye alikuwa akiitazama miti ikipungua. Ikabaki kumi, ikabaki mitatu, ukabaki mmoja: mkwaju. Na ndani ya tundu la mkwaju huo walilala watoto wake wanne, hawajafumbua hata macho.

Fisi akaja, akaupigapiga mkwaju kwa kiganja.

"Bi Kindi, kesho utahama. Pipa lina njaa."

"Nitahama, mjomba. Ila unipe muda nivune kwanza mashati yangu."

"Mashati gani?"

"Yaliyoota. Si ulisema tuyafukie?"

Fisi akacheka mpaka shoka likamponyoka. "Hayo ni maneno ya dukani, Bi Kindi. Mwenye duka lazima aseme kitu."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Kindi akasema. "Njoo asubuhi uone."

Kabla jua halijachomoza, Kindi alikuwa amekwisha pita kwa Pundamilia, kwa Ngiri na kwa Swala, na wote walimpa mashati yao kwa furaha. Akayatundika manne yote kwenye kichaka cha mkunazi.

Fisi akaja. Akanusa. Akavuta mkono wa shati. Mshono ulikuwa wake mwenyewe, na kifungo cha tatu kimekaa upande, kama anavyokikosea siku zote.

"Ulizika mangapi?"

"Moja, mjomba, la kuokota."

"Na haya?"

"Manne. Palikuwa na la tano, upepo umelichukua."

Fisi akakaa chini. "Kumbe nilikuwa nasema kweli," akasema taratibu. Na jambo hilo likamuuma, kwa kuwa siku zote hizo alikuwa akiwauzia watu mbegu kwa bei ya nguo.

"Yanataka nini ili yaote?"

"Shimo la urefu wa mkono. Shati moja ndani. Konzi ya mbegu zangu juu yake, hiyo ndiyo dawa. Maji asubuhi, maji jioni. Ila hayapendi moshi hata kidogo, na mkwaju lazima uwepo uyakinge upepo."

"Na pipa langu?"

"La kuchotea maji, mjomba. Utapata wapi kubwa kama hilo?"

Nguvu Fisi anazo, na tamaa haikumwacha achoke. Fu, fu, fu, shimo. Akatia shati. Kindi akatia mbegu: za ukwaju, za kunazi, za zambarau, chochote alichokuwa amejiwekea akiba. Fu, fu, fu, shimo. Shati. Mbegu. Kilima kizima. Dukani ikabaki misumari mitupu.

Mvua ikaja, miche ikachungulia.

"Mashati lini?" Fisi akauliza.

"Majani kwanza, mjomba. Shati huja mwisho."

Mwaka ukapita.

"Mashati lini?"

"Matawi kwanza, mjomba. Shati litaning'inia wapi bila tawi?"

Fisi akaona hayo ni maneno ya akili. Akamwagilia, akafukuza mbuzi, akaipa miti majina.

Sasa watoto wa Kindi wana watoto wao, na kila mmoja ana mti wake. Siku moja Kindi, kwa mazoea yake ya kufukuafukua, akalikuta shati moja chini ya mizizi. Halikuoza hata uzi. Rangi tu ndiyo iliyokuwa imeshuka, na kifungo cha tatu kimekaa upande vilevile. Akalitazama kidogo, akalirudishia udongo vizuri, maana Fisi alikuwa anakuja na maji, akiimba wimbo wake uleule, na safari hii hapakuwa na wa kumbishia.

Fundisho lake, wenzangu, ni hili: asemaye uongo haambulii kitu. Anayebisha aende akamwulize Fisi. Atamkuta kivulini, ameshiba matunda, anatazama juu, anangoja shati.

Hadithi yangu naikunja hapa. Ikikutosha, ivae, ikikubana, nirudishie nikaishone upya.