Digidigi na Kigari Kisichonguruma

Wajukuu zangu, kabla sijaanza niseme kosa langu kwanza, maana sipendi kufundisha watu na la kwangu nimelifunika. Nilipokuwa kijana nilikuwa na pikipiki. Nikalitoboa bomba lake la moshi kwa msumari ili nikipita watu wageuke. Nikapita nayo jioni nzima mbele ya nyumba ya Mama Tulizo, na mle ndani alikuwamo binti yake, siku ya pili tangu ajifungue. Mtoto alilia, mama mtu akalia, mimi nikazidi kukoleza mafuta. Nilikwenda kuomba radhi baadaye, nikasamehewa, lakini kelele zile siwezi kuzirudisha kwenye bomba. Mungu anirehemu. Haya, sogeeni.

Zamani sana, zile zamani wanyama walikuwa na majiko, vyeo na majirani wa kuazimana chumvi, Bwana Nyati alikuwa na shamba kubwa. Lilikuwa na kilima, mto, bustani ya viazi na uzio usiokwisha kuanguka. Maji yalitekwa, samadi ikasombwa, majani yakakatwa, yote hayo kwa migongo ya wafanyakazi.

Palikuwa na desturi moja. Bwana Nyati akipita, kila mfanyakazi asimame wima, aweke jembe begani, amwamkie. Atakayekutwa amelala, siku hiyo hali chakula cha mchana.

Miongoni mwa wafanyakazi hao alikuwamo Bi Digidigi, mpalilia viazi. Mwili wake mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokolea moto, na mtoto mmoja mchanga aliyemficha kichakani pembeni ya bustani. Pembe hana. Meno ya kung'ata hana. Mungu alimpa masikio, na kwa masikio hayo aliweza kusikia jani kavu likikanyagwa ng'ambo ya mto.

Sasa, Bwana Nyati magoti yalianza kumuuma. Akamwita Kima, fundi na mchuuzi, na Kima akaja na vigari viwili vya magurudumu manne, vidogo, visivyo na milango, na sehemu ya kubebea mizigo nyuma.

"Hiki cha petroli, Bwana, hakichoki," Kima akasema akikipigapiga. "Mafuta yakiisha unamimina, unaendelea. Kilima kile unakipanda na mapipa mawili ya maji. Ila kina mambo yake: plagi, oili, moshi. Hiki kingine ni cha betri. Hakina moshi, hakina fujo. Jioni unakichomeka kwenye umeme, asubuhi kimeshiba. Lakini ukisahau kukichomeka, utakisukuma kwa pembe."

"Washa hicho cha betri," Nyati akaamuru.

Kima akawasha. Kimya.

"Nimesema washa."

"Kimewaka, Bwana."

Nyati akainama, akategesha sikio. "Mbona kama kimekufa? Washa kile kingine."

Ngrrr-ta-ta-ta-ta! Majani yakadondoka mtini. Kuku wakapanda juu ya paa.

"Aaah," Nyati akasema, na macho yakamlegea kwa furaha. "Hiki kina kifua. Hiki kinafanana na mimi."

"Usiamue haraka, Bwana," Kima akasema. "Nakuachia vyote uvijaribu. Ijumaa narudi, uniambie kipi nichukue."

Jumatano Bwana Nyati akakitoa cha petroli. Mtoni, ngrrr. Kilimani, ta-ta-ta. Akazunguka bustani ya viazi mara tatu bila shughuli yoyote, apendeze tu. Bi Digidigi akainua kichwa asikilize, asisikie upepo, asisikie ndege, asisikie hata jembe lake mwenyewe. Dunia nzima ilikuwa mngurumo.

Akageuka tu, sijui kwa nini. Mimi nasema ni Mungu. Akaona mkia wenye madoa ukiingia kichakani.

"Mwanangu, ruka!" akapiga kelele, huku akichapa kwato chini.

Mtoto akaruka. Kucha za Chui zikabaki na manyoya kidogo tu ya mgongoni. Chui akaketi, akajilamba kidole, akasema kwa upole, "Pole, jirani. Leo hukunisikia kabisa. Kigari kizuri sana kile. Mwambie Bwana asikiache."

Bi Digidigi akaenda moja kwa moja barazani kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Sema upesi, nina safari ya kwenda kuangalia kigingi kimoja cha uzio."

"Bwana, naomba uchukue kile cha betri. Hiki kikinguruma sisikii kitu. Chui ametembea ndani ya mngurumo mpaka kwa mwanangu."

"Chui anamwogopa nani shambani hapa?"

"Wewe, Bwana."

"Basi akisikia kigari changu atakimbia."

"Hakukimbia, Bwana."

"Hakukisikia vizuri. Kesho nitakoleza."

Jioni ile Bi Digidigi alimlaza mtoto katikati ya miguu yake, akasali. "Ee Mungu, mimi si wa kubishana na Nyati. Na uongo sitasema, unaniona. Nitasema kweli tupu. Ila nijalie kuisemea mahali pake."

Alhamisi akapita nyuma ya lundo la samadi. Kaka Ngiri, msomba samadi, alikuwa amejinyoosha kivulini, koleo kifuani, kho-o-o, kho-o-o. Mara huko mtoni, ngrrr. Ngiri akafungua jicho, akanyanyuka bila haraka, akajinyunyizia maji ya kopo usoni kama jasho, akashika koleo. Nyati alipofika alimkuta ngangari.

Kigari kilipopita Bi Digidigi akasema, "Kaka Ngiri, tangu jana usingizi unakukubali."

"Acha tu, dada. Hadi juzi nilikuwa nalala jicho moja wazi. Sasa yeye bado yuko mtoni, mimi nimeshaamka na jasho nimeshatoka."

"Na akikichukua kile cha betri?"

Ngiri akashusha koleo. "Kwani kile hakilii?"

"Hakilii."

"Hata kidogo?"

"Utafumbua macho umkute kasimama juu yako. Na bado hajaamua, Kima anarudi kesho."

"Mama yangu mzazi," Ngiri akasema polepole. "Nitakwenda kumwomba. Nitakwenda na ndugu zangu wote."

"Nenda, kaka. Omba kwa moyo."

Je, alidanganya? Pimeni wenyewe. Mimi sioni neno la uongo hapo.

Ijumaa asubuhi, Kima keshafika, ngiri saba wakajipanga mbele ya baraza wakapiga magoti, na kupiga magoti hakuna anayemshinda ngiri. Bi Digidigi alikuwa pembeni anang'oa magugu ya uani.

"Bwana," Kaka Ngiri akasema, "tunakusihi uchukue cha petroli."

Nyati akatabasamu. "Mmekipenda?"

"Mno, Bwana. Tunakusikia tangu mbali."

"Vizuri. Na mkishanisikia?"

"Tunajiandaa kukuamkia kwa heshima."

"Mnajiandaa vipi?"

Ngiri wa mwisho mstarini, ambaye hakuwa na akili nyingi, akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, "Tunaamka, Bwana."

Nyati akawatazama mmoja mmoja. Kisha akageuza pembe taratibu. "Na wewe, Digidigi? Juzi ulikuja kulalamika. Leo unasemaje?"

"Mimi nilishasema, Bwana, sina neno jipya. Wenzangu ndio wanaokijua vizuri kile kigari."

Nyati akacheka mpaka baraza likatikisika. "Mnadhani mimi ni pembe tupu, kichwa hakuna! Kima, chukua hilo lako linalonguruma. Niachie cha betri."

"Lakini Bwana, kile si kimekufa?" Kaka Ngiri akalia.

"Ndiyo. Sasa mtatembelewa na mzimu wake."

Jumamosi Bwana Nyati alifurahi kama mtoto wa shule. Vuuu, akatokea nyuma ya samadi: ngiri wawili. Vuuu, akatokea kwenye uzio: wengine watatu. Mchana huo chakula kilibaki sufuriani.

Chui naye alikuwa amejilaza nje ya bustani ya viazi, anangoja mngurumo ili aanze kunyata. Akangoja. Jua likapanda. Njaa ikamzidi, akaamua kunyata hivyo hivyo. Kacha! Jani moja tu.

Masikio ya Bi Digidigi yakasimama. Ziki-ziki-ziki! akaita, na mtoto akawa ameshafika kwa mama yake. Chui akageuka aondoke kistaarabu, akajikuta pua kwa pua na pembe mbili pana. Nyati alikuwa amekaa kwenye kigari, kimya, akitafuta wa kumfumania.

"Kumbe na wewe unalala shambani kwangu," Nyati akasema.

Chui alivuka mto bila kugusa maji, na shambani pale hakurudi tena.

"Umeona, Digidigi?" Nyati akasema akijipapasa kifua. "Nilichagua kwa akili."

"Kweli, Bwana," Bi Digidigi akajibu, akarudi kwenye viazi vyake huku masikio yamemlegea kwa raha, mwanawe akirukaruka peupe kwa mara ya kwanza.

Funzo lake ni hili: mkubwa anayekataa ombi la mdogo huishia kuongozwa na shaka zake mwenyewe.

Nami nina ombi kwenu, moja tu. Kabla hujawasha kitu chenye kelele, muulize aliye mdogo kuliko wewe anasikiliza nini.