Sahani ya Kwanza

Upepo wa ziwa uling'oa paa la Bi Kabula, mjane, na majirani wakaja kumwezekea. Nyasi zilikuwa ng'ambo ya uwanja wa Bwana Magesa, tajiri ambaye hakuwahi kumshikia jirani hata kamba.

"Hapiti mtu hapa bure!" alifoka Magesa, huku harufu ya sato, samaki waliokuwa wakichemka kwenye chungu cha wafanyakazi, ikimvuta pua. "Nataka sahani ya kwanza ya chungu hicho."

Nyanjige, mpishi wa siku hiyo, alipiga goti na kumeza kicheko. "Ya kwanza kabisa, baba? Kabla ya hawa wanaofanya kazi?"

"Kabla ya wote, na wote waone!"

Akapakuliwa samaki mnono kuliko wote. Akala, akalamba vidole, akafungua lango. Nyasi zikapita, mzigo baada ya mzigo.

Kisha Nyanjige akamletea ngazi.

"Ya nini hii?"

"Yako, baba. Anayekula sahani ya kwanza ya chungu cha kazi ndiye anayetangulia juu, na hashuki mpaka paa liishe."

Magesa akawatazama mashahidi wake. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua, baba. Kila aliyewahi kumsaidia jirani anajua. Haya, panda, tumekushikia."