Pimbi, Nyani na Neno "Gift"

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Si utuambie wewe!

Basi palikuwa na Pimbi, mama wa watoto wengi, akiishi majabalini nyuma ya kambi ya watalii. Kutwa alijianika juani, masikio wazi, wageni wakizungumza. Kiingereza kikamwingia. Kijerumani kikamwingia. Kiswidi nacho kikamwingia.

Mwaka ule jua likakausha kila jani. Watoto wa Pimbi wakawa wanalia nyii, nyii, nyii.

Siku moja watalii wakafunga mahema, vruum, wakaondoka. Wakasahau kisanduku chenye utepe. Pimbi akakinusa: tende! Korosho! Kabla hajakifungua, puu! Nyani katua juu yake.

"Changu!"

"Mzee Nyani, nigawie kidogo. Watoto wana njaa."

"Sigawi! Huoni kimeandikwa 'gift'? Kiingereza hicho. Zawadi! Zawadi yangu mimi!"

Pimbi akayatazama meno ya Nyani.

"Hongera kwa kusoma, mzee. Ila walioondoka ni Wajerumani. Na Mjerumani akisema gift, ni sumu."

Wajerumani wapi! Walikuwa Waingereza watupu. Lakini maana ya neno aliisema kweli.

"Mwongo wewe!"

"Kamuulize Kasuku. Kalelewa na Mjerumani."

Nyani akakwapua kisanduku, mbio, hadi mtini kwa Kasuku, kando ya majabali.

"Kasuku! Gift kwa Kijerumani ni nini?"

"Sumu! Sumu! Kwaa!"

Nyani akakitupa kisanduku, pwaa, kikapasuka. Akakimbilia mtoni kunawa mikono. Akanawa, akanusa, akanawa tena.

Aliporudi, akamkuta Pimbi na wanawe wamezunguka kisanduku, nyam nyam nyam.

"Bi Pimbi! Mbona hamfi?"

"Tumebadili lugha, mzee. Sasa tunakula kwa Kiswidi."

"Na kwa Kiswidi ni nini?"

"Ni mtu aliyeoa. Na sumu pia, lakini leo tumechagua ndoa. Asili ya neno hilo ni kutoa tu, mzee. Mwingereza katoa kitu, kikawa zawadi. Mjerumani katoa dawa, watu wakaiogopa, ikawa sumu. Mswidi katoa binti, ikawa ndoa. Karibu basi! Ukionja tende moja, umeshamwoa binti yangu, na sisi wakwe zako utatulisha."

Nyani akainua macho. Kila ufa wa jabali ulikuwa unatoa pimbi: mashangazi, wajomba, mabibi, wote matumbo yamebonyea, wote wanamtabasamia.

"Mkwe!" wakaita.

"Nimeshiba!" akapiga kelele Nyani, tumbo lake likinguruma ngurrr. Akapotea vichakani, na ukoo mzima ukala mpaka ukalala palepale.

Funzo lake, wanangu: msijisumbue na lugha za watu. Hazina faida hata kidogo.

Nimeishia hapo. Ikiwa tamu, ibebeni nyumbani; ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.