Spika Mbili za Bi Mereme

Wahenga waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walimaanisha kwamba kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Hukaa mahali pake kimya, na anayekihitaji hukifikia. Kibaya hakitulii, hupita kikijinadi mlango kwa mlango. Watu wengi huikumbuka methali hii wanapochagua nyanya sokoni. Bi Mereme wa Gjirokastra, mji wa milimani huko Albania, aliuona ukweli wake mbele ya spika mbili ndogo, na kabla ya hapo ukweli huo ulikuwa umemsubiri kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, katika mtaa ulio chini ya ngome. Tangu mumewe Nevruz afariki, televisheni ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe na redio imechomolewa ukutani. Wengine waliofiwa hunyamazisha nyumba kwa siku arobaini. Bi Mereme alisema mwaka, na hakuna aliyembishia. Sasa mwaka ulikuwa unatimia Jumapili. Ndugu wangekuja kula, na baada ya chakula nyumba ingefunguliwa sauti tena.

"Sauti ya kwanza kuingia humu itakuwa yake," alimwambia binti yake Alketa, wakiwa jikoni wakitandaza unga wa byrek, ule mkate wao wa matabaka. "Sitaki ya mtangazaji wa habari wala ya hao wanaouza sabuni. Nataka yake."

"Yake tunayo, mama. Ipo kwenye simu yangu."

Alketa alifuta mikono, akaitafuta, akaiegemeza simu kwenye bakuli la mayai. Ulikuwa wimbo wa marafiki wanne, Nevruz mmoja wao, waliourekodi sebuleni humo majira ya baridi ya mwaka 1993, kwa kinasa sauti cha kwanza kuonekana mtaani. Sauti ya Tahiri ilianza, nyembamba na kali kama upepo wa mlimani. Sauti ya Muharremi ikaijibu. Bi Mereme alisikiliza mpaka mwisho, unga ukimkaukia vidoleni.

"Tahiri nimemsikia. Muharremi naye, Mungu amrehemu. Baba yako yuko wapi?"

"Yupo chini yao, mama. Si alikuwa akivuta ile sauti ya chini?"

"Najua alikuwa akivuta nini, nimelala naye miaka hamsini. Nakuuliza yuko wapi."

Katika nyimbo za huko kwao, mmoja huanza, mwingine hujibu, na waliobaki huvuta sauti moja ndefu ya chini iitwayo iso, ambayo wimbo mzima husimama juu yake kama wachezaji wanavyosimama juu ya sakafu. Wanaovuta iso hupokezana pumzi ili isikatike. Hakuna anayewasifu. Watu wakitoka harusini husema, "Leo Tahiri kaimba!" Hujapata kumsikia mtu akisema, "Leo Nevruz kavuta." Na Nevruz alivuta miaka arobaini.

"Uso wake ninao, picha ile pale," Bi Mereme alisema taratibu. "Sauti ndiyo inaniponyoka, Keta. Juzi nilikaa nikajaribu kuikumbuka, nikajikuta nasikia sauti ya kaka yako. Nikaogopa."

Basi hilo ndilo lililokuwa limemkaa rohoni. Kanda yenyewe ilikuwepo, na deki ya kaseti ya Nevruz bado ilizunguka vizuri. Lakini deki ile ni bubu. Nyuma yake ina matundu mawili, jekundu na jeupe, na bila kitu cha kuchomeka humo haitoi hata mkwaruzo. Amplifaya kubwa iliyokuwa ikiisaidia iliungua zamani. Zilitakiwa spika zenye amplifaya ndani yake, za kuchomekwa tu ukutani na kwenye deki, na ziwe ndogo. Bi Mereme alichukua uzi wa sufu, akapima nafasi iliyobaki rafuni kila upande wa televisheni bila kuigusa picha ya marehemu, akafunga mafundo mawili.

"Isizidi fundo," alisema. "Nevruz hasogezwi."

"Na kanda nzima tuisikilize safari hii?" Alketa aliuliza. "Kwenye simu mwanzo ulikatwa."

"Niliukatisha mimi. Pale mwanzo ni vikombe vyangu tu. Nilitoka jikoni na sinia nikakuta wote kimya, wananitazama. Nikajua nimewaharibia kanda yao. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, na mwanzo huo sijausikiliza kamwe."

Ijumaa alifika Dashnor, kaka yake Alketa, kutoka Yanina, Ugiriki, ng'ambo ya mpaka, anakojenga nyumba za watu. Alikuwa mtu wa moyo mkubwa na sauti inayolingana nao.

"Spika? Niachieni mimi! Pale barabarani kuna duka, unalisikia hata kabla hujaliona."

Ni kweli. Nje ya duka lile lilisimama spika refu kama mtoto wa darasa la kwanza, likibweka muziki wa harusi kwa kila mpita njia tangu asubuhi. Muuzaji aliwapokea kwa maneno matamu kama asali.

"Karibu shangazi, karibu! Umekuja kwa mfalme mwenyewe. Wati elfu mbili! Taa za rangi saba! Jirani zako hawatanunua redio tena, watasikiliza ya kwako."

Bi Mereme aliutoa uzi wake, akauweka juu ya spika. Fundo halikufika hata nusu.

"Mwanangu, hili linakula nini?"

"Ha! Linakula umeme tu, shangazi."

"Na deki yangu naichomeka wapi?"

"Kanda? Nani bado anatumia kanda? Hili linashika simu hewani, bila waya. Mjukuu atakuwekea."

"Wajukuu wangu wako Ugiriki."

Dashnor alikuwa ameshachukua simu ya Alketa. Kwa kufumba na kufumbua spika likaishika, taa zikaanza kukimbizana, na wimbo wa wale marafiki wanne ukalipuka dukani. Safari hii sauti ya chini ilikuwepo, tena ilikuwepo kupita kiasi. Vioo vya kabati vilitetemeka. Mbwa aliyelala mlangoni aliinuka akaenda zake.

"Unaona, mama?" Dashnor alipiga kelele. "Baba huyo! Besi hiyo!"

Bi Mereme alikuwa amefumba macho, uso umemkunjamana kama anayetafuta mtu katika umati. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Hilo ni lori linapanda mlima. Mume wangu hakuwa lori."

"Ukilichukua leo nakuongezea na maikrofoni, shangazi. Bure! Kesho sikuhakikishii."

"Tulichukue, mama," Dashnor alisihi. "Jumapili mtaa mzima utajua."

"Utajua nini?"

Dashnor alimrudishia dada yake simu, wakatoka.

Alketa alikuwa mwalimu wa hisabati, na jambo lisilo na sababu humwasha kama upupu. Njia nzima alijiuliza: iweje kitu kile kile kipotee kabisa kwenye simu, kisha kivimbe kama chura kwenye lile spika, na kote kuwili kisiwe baba? Akakumbuka kwamba juu, katika soko la zamani, kuna fundi wa redio aitwaye Pandeli. Duka lake halina kibao. Hulijui mpaka uwe na kitu kilichokufa.

Walimkuta Pandeli akinywa kahawa, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, wakamweleza habari za kanda na sauti ya marehemu.

"Spika? Ninazo jozi moja. Hamjaniambia chumba ni kikubwa kiasi gani."

"Hatua tano kwa nne," Alketa alijibu.

"Mama anakaa wapi?"

"Kwenye kochi, mkabala na televisheni."

"Na atakayeziwasha ni nani?"

"Mimi," alisema Bi Mereme. "Sina simu ya kupapasa, na sitaki kuwa nayo."

Pandeli aliingia nyuma ya pazia, akatoka na visanduku viwili vyeusi, kila kimoja kama mkate wa asubuhi. Mbele ya kimoja kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha. Nyuma yake palikuwa na tundu jekundu, tundu jeupe, na jingine la televisheni. Bi Mereme akaweka uzi. Fundo likabaki na nafasi ya kidole.

Dashnor alicheka. "Mzee, hizi si za kupigia kengele ya mlango?"

"Za harusi hazifai," Pandeli alikubali. "Ukizifungua mpaka mwisho zitalia vibaya. Nakwambia mapema."

"Sasa hata wewe mwenyewe huzisifu!"

"Nizisifu za nini, wakati zina mdomo? Kanda mnayo?"

Walikuwa nayo, na deki wameibeba ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Pandeli aliweka visanduku juu ya meza, akaviacha kiganja kimoja mbali na ukuta, akavigeuza vimtazame Bi Mereme aliyeketi kitini.

"Kwa nini usivisogeze ukutani?" Alketa aliuliza.

"Ukuta huongeza uvumi. Nyuma vina tundu la kupumulia."

"Na lile la barabarani, mbona sauti ya chini ilikuwa nyingi hivyo?"

"Limetengenezwa livume. Lipe lolote la chini, litakurudishia ngurumo ile ile. Mume wa mama, mume wa jirani, ngoma, kwalo wote ni mtu mmoja." Akachomeka waya mwekundu, kisha mweupe. "Simu nayo ina kinywa kidogo, haiwezi kutamka ya chini. Hivi havina nguvu nyingi. Ila havisemi visichoambiwa. Na viko viwili, kwa hiyo mtu aliyekaa kushoto atabaki kushoto."

"Bonyeza basi, baba, nisije nikazeeka hapa," alisema Bi Mereme.

Pandeli alibonyeza. Kukasikika mvumo mwepesi, kama mvua ya mbali juu ya paa la mawe.

"Kelele tupu hiyo, sogeza mbele," alisema Dashnor.

"Ndiyo, sogeza," Bi Mereme aliunga mkono haraka. "Vikombe vyangu hivyo vinakuja."

"Acheni," alisema Pandeli. "Kanda huanza inapoanza."

Mvumo uliendelea. Kiti kililia. Mtu alikohoa upande wa kulia, na Bi Mereme akasema kwa mshangao, "Muharremi huyo, na kifua chake." Kisha sauti ya Tahiri, kwa mbali: "Haya, jamani, tuanze, mashine inakula betri."

Halafu upande wa kushoto, palipokuwa na dirisha la sebule ile, sauti nzito ya mtu asiye na haraka ikasema:

"Ngojeni. Mereme bado hajakaa."

"Si yuko jikoni? Atasikia kutoka huko huko."

"Hatuanzi mpaka akae."

Kimya kikafuata. Kwenye kanda mlango ulifunguliwa, vikombe vikagongana kwenye sinia, vikawekwa mezani kimoja baada ya kingine, na kiti kingine kikalia, cha mwanamke mwepesi anayeketi kwa haya. Ndipo Tahiri akaanza, Muharremi akamjibu, na kutoka kushoto, chini yao wote, ikaingia iso ya Nevruz: haikunguruma, haikuvimba, ilikuwa sauti ya mtu tu, na kila alipokaribia kuvuta pumzi ilisikika filimbi ndogo ya pengo la jino lake la mbele.

Bi Mereme alikuwa amegeuza kichwa kushoto. Hakulia. Alinyoosha mkono, akaugusa ubao wa kile kisanduku kama mtu anavyogusa bega.

"Mjinga wewe," alisema kwa upole. "Miaka thelathini naona haya, na wewe umekaa kimya tu."

Dashnor alikuwa ameligeukia dirisha na kufuta pua. Baadaye, kwa sauti ya chini ambayo dada yake hakuwahi kumsikia nayo, alimuuliza Pandeli bei. Pandeli aliitaja mara moja, wala haikuongezwa maikrofoni.

Jumapili ndugu walijaa. Walikula mwanakondoo, byrek na hasude, ule mseto mtamu wa kumkumbuka marehemu, wakanywa kahawa bila kugonganisha vikombe, kama ilivyo desturi ya msiba. Kisha Bi Mereme mwenyewe akakiondoa kitambaa cheupe kwenye televisheni, akakikunja mara nne. Visanduku viwili vilikuwa rafuni, kiganja kimoja kutoka ukutani, na katikati Nevruz ndani ya fremu yake, hajasogezwa hata unywele. Shemeji mmoja alivitazama, akamnong'oneza mwenzake, "Vidogo namna hii?"

Bi Mereme alirudi jikoni kufuata sinia ya mwisho. Wageni walikuwa wamenyamaza, na shemeji yule, kwa pupa, akapeleka kidole kwenye deki.

Dashnor alimshika mkono.

"Ngoja," alisema. "Mama bado hajakaa."

Wakangoja wote. Bi Mereme akaingia na vikombe vyake, akavikuta vichwa vyote vimemgeukia, na safari hii hakuona haya. Aliviweka mezani kimoja kimoja, akaketi, akabonyeza deki na kuzungusha kile kitufe kwa mkono wake mwenyewe. Mvua ya mbali ikaanza kunyesha juu ya paa la mawe, na aliyekuwa hajasifiwa na mtu kwa miaka arobaini akasikika, bila kupaza sauti, mpaka kona ya mwisho ya chumba.

Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.