Kiti Maalum cha Idara ya Siasa

YAH: UGAWAJI WA KITI KIMOJA (1), CHEUSI, CHENYE MAGURUDUMU NA MAHALI PA KUEGEMEZA KIUNO

Hapo zamani, na si zamani sana, maana kompyuta zilikuwepo na kilichokosekana ni wino wa printa, palikuwa na chuo kikuu. Ndani ya chuo palikuwa na Idara ya Sayansi ya Siasa, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mlangoni pa idara palikuwa na ubao wa kioo: "Wanataaluma na Maeneo Yao ya Utafiti".

Ubao ulisema: Profesa Ngaiza, mkuu wa idara, uhalali wa madaraka. Ubao ulisema: Dokta Eufrasia Ndunguru, uwakilishi na viti maalum, yaani vile viti vya wabunge wanawake wasiogombea majimboni. Ubao ulisema: Dokta Chilewa, migogoro ya rasilimali chache. Huyo Chilewa ndiye mimi ninayewasimulia, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Bi Siwema, katibu muhtasi wetu, hakuwemo ubaoni. Hakuwa na eneo la utafiti. Alikuwa na mgongo.

Mgongo huo ulikuwa na barua ya daktari: asipopata kiti cha kuegemeza kiuno, kazi ya kukaa aiache. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na aliitaka miaka yake yote miwili. Kwa miaka mitatu aliomba kiti Ofisi ya Ugavi. Kwa miaka mitatu Ugavi walimjibu kuwa ombi lake linashughulikiwa. Akawa anakalia kiti cha plastiki, kanga imekunjwa mara nne nyuma ya kiuno.

Siku moja Dokta Eufrasia aliandika barua kwa mkono, akampa Bi Siwema aichape: "Naomba kupatiwa takwimu za viti maalum kwa ajili ya utafiti." Ilikuwa iende kwa watunza kumbukumbu za wabunge. Bi Siwema akachapa. Katika kuchapa, maneno "takwimu za" yakadondoka, na mwenye barua akatia saini bila kuisoma. Bahasha nayo ikaenda Ugavi. Baada ya wiki mbili kikaja kiti. Kimoja. Maalum kweli.

Wachukuzi walikiacha chini ya ngazi, wakasema fomu yao imeandikwa "jengo", haikuandikwa "ghorofa". Nikakibeba mimi, kichwani, ngazi themanini na nane. Nilipofika juu nikakikalia pale pale kwenye korido, na nailoni yake, nikasahihisha mitihani dakika arobaini. Sijawahi kutoa maksi nzuri vile.

Profesa akatoka ofisini.

"Chilewa, umekalia nini hapo?"

"Utafiti, Profesa."

Hakucheka. Aliitisha kikao cha dharura. Paa lilipovujia karatasi za mitihani hatukuitisha kikao cha dharura, lakini paa halina magurudumu.

Kikao kikaanza. Profesa akasema kwanza.

"Kiti ni changu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikao hiki na vikao vyote vya idara. Neno lenyewe limeshatoa hukumu. Mkininyima kiti nitabaki mwenye tu. Mwenye nini?"

Dokta Eufrasia akasema.

"Kiti ni changu. Barua ni yangu, saini ni yangu, na viti maalum nimeviandikia miaka kumi na moja. Hivi idara nzima hii, nani mwingine anavijua?"

"Kwani wewe uliomba kiti?" nikamuuliza.

"Niliomba takwimu."

"Basi umeshapata. Ni kimoja."

Nikasema na mimi.

"Kiti ni changu. Ngazi themanini na nane, jamani, shingo hii haigeuki kushoto mpaka leo. Rasilimali ni ya aliyeitolea jasho."

"Kwenye kitabu chako uliandika kinyume," akasema Dokta Eufrasia. "Ukurasa wa tisini. Uliwasema vibaya sana wafugaji waliodai maji ni yao kwa kuwa walichimba wenyewe."

"Kile kitabu kilihusu malambo."

Bi Siwema alikuwa anaandika muhtasari, amesimama, daftari juu ya kabati la mafaili. Akainua kalamu.

"Samahani, Profesa. Na mimi niseme?"

"Sema tu, Bi Siwema."

"Kiti ni changu. Miaka mitatu nimekiomba kwa jina langu, hawakunipa. Kikaombwa kwa jina la daktari wa falsafa, wiki mbili kikafika. Barua ilitaka viti, na viti viko Ugavi, ndiyo nikaipeleka huko."

"Kwa hiyo ulikosea kuchapa?" akauliza Profesa.

"Nilichapa, Profesa."

Tulikuwa watu watatu wenye shahada za uzamivu, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Kisha sote tukakubaliana kwa mara ya kwanza mwaka ule: suala ni zito, linahitaji vigezo, na vigezo vinahitaji kamati ndogo. Kamati ndogo ikawa sisi watatu.

Aliyependekeza kiti kitunzwe wakati vigezo vinasubiriwa ni mimi. Nilitaka kuonekana mtu wa haki. Bi Siwema aliandika maneno yangu, akatusomea: "Kiti kihifadhiwe ofisini kwa katibu muhtasi. Nailoni isitolewe. Kisikaliwe na mtu yeyote."

Akasita. "Na mimi ni mtu yeyote, Dokta?"

"Ah, hiyo ni lugha ya kikao tu, Bi Siwema."

Aliiheshimu lugha ya kikao kuliko sisi tulioitunga. Kiti kikakaa pembeni ya meza yake, kimefungwa, naye akakaa pembeni ya kiti, kwenye plastiki yake na kanga yake. Kila asubuhi alikipangusa vumbi. Kamati ndogo ilikutana mara sita na kupata vigezo kumi na viwili. Cheo kilikuwa cha kwanza, machapisho ya pili. Afya ilikuwa ya tisa, nayo iliandikiwa "ushahidi uletwe", maana barua ya daktari ilikuwa kwenye jalada la Ugavi, na jalada lilikuwa linashughulikiwa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiniangalie usoni, jibuni. Kuna mwenye cheo, ambaye neno lilimpa kiti. Kuna mwenye saini, ambaye kiti kilikuja kwa jina lake hali hakukiomba. Kuna mwenye jasho, aliyekipandisha na kukikalia bila kuuliza. Kuna mwenye mgongo, aliyekosea kuchapa, au hakukosea. Kiti ni kimoja. Je, nani alistahili? Na ile "kisikaliwe", je, ni kosa la nani: la aliyeitamka, la walioipitisha, au la aliyeitii?

Jibuni polepole, kamati bado inapokea maoni. Bi Siwema aliacha kazi mwezi wa tano. Barua ya kuacha aliichapa mwenyewe, amesimama, na haikuwa na kosa hata moja.