Fisi Aliyevaa Hoho Shingoni

Paukwa.
Pakawa.
Mwenye kusinzia?
Apitwe, tusimwamshe.

Hapo kale, mboga zilipokuwa na midomo, Fisi Mang'enya aliposa binti wa Mzee Mafupa. Sheria ya fisi ni moja: bwana harusi avunje mfupa wa muundi wa ng'ombe mbele ya wakwe. Asipovunja, hakuna mke. Akapewa miezi mitatu.

Na Mang'enya hakula kitu ila nyama na mifupa. Fizi zikatoka damu, meno yakacheza. Kila asubuhi akayaimbia, "Meno yangu, msihame. Nioe kwanza."

Bi Kanga, mkulima, akamhurumia, akampa kapu la pilipili hoho za kijani.

Mwezi wa kwanza, Mang'enya akatoboa hoho moja, akaivaa shingoni kama hirizi. Hoho akasema, "Bwana, mimi si hirizi. Nitafune."

"Pilipili huwasha."

"Mimi siwashi. Nimesema kweli, basi."

Fisi hakusikia. Damu ikazidi.

Mwezi wa pili, akachemsha hoho tangu alfajiri hadi adhuhuri, maji akayamwaga, akala maganda. Sauti ikatoka chunguni, "Bwana, vitamini C yangu nusu umeichoma, nusu umeimwaga. Sasa nyasi za uani ulikomwaga ndizo zitapona fizi, si wewe. Nitafune."

Hoho alijuaje vitamini? Mwulizeni yeye. Mimi nasimulia tu.

Mwezi wa tatu, Mang'enya akimwamkia Bi Kanga, jino likamdondokea mkononi. Bi Kanga akamrudishia.

"Shika lako, shemeji. Bado unachemsha?"

Kwa aibu, akaitafuna hoho mbichi. Kru. Baridi, chungu kidogo, tamu kidogo, na haikuwasha. Akala kila siku, mbichi, pembeni ya maharage. Fizi zikafunga.

Siku ikafika. Akauma mfupa. Kwa! Vipande viwili. Vigelegele.

Lakini Mzee Mafupa hakuutazama mfupa. Akamvuta mkwewe nyuma ya nyumba, akafungua kinywa chake mwenyewe. Meno matatu, yote yanayumba.

"Mwanangu, ng'ombe wa mahari rudi nao. Niletee kapu."

Kapu lilipofika, ndani yake hoho mmoja akaguna, "Huyu naye asinichemshe."

Funzo: dawa ya kula uile, usiivae. Ngano yangu nimewapa mbichi, anayetaka kuichemsha akachemshie kwake. Na wewe unayecheka hapo mbele, hebu fungua kinywa tuone.