Waya wa Spika ya Kulia

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakuwa wakizungumzia maji. Walimlenga yule anayemchimbia mwenzake shimo, na siku ya siku akatumbukia yeye. Kaka mmoja, mpiga gitaa hodari, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Yeye na dadake mdogo walitumia pedali moja ya kurudia sauti. Ukiikanyaga, inanasa ulichopiga na kukirudia, nawe unaongeza tabaka jingine juu yake. Kaka alirundika matabaka yote katikati, yaani kwenye spika zote mbili kwa pamoja, yakasongamana mpaka wimbo ukawa vurugu tupu. Dada alizungusha vitufe: besi katikati, mdundo spika ya kushoto, wimbo wenyewe spika ya kulia. Kila mlio ukapata pa kupumulia.

"Mdogo wako ana sikio," mama alisifu.

"Ni michezo ya vitufe tu, mama," kaka alijibu, roho ikimuuma. Alimwonea dadake wivu, wivu wa kumkosesha hata hamu ya kula. Kumwuliza mdogo wake? Thubutu! Alivizia dada akiwa ametoka, akavipiga picha vitufe vyake kwa simu.

Kisha bendi moja ikatangaza kutafuta mpiga gitaa mmoja tu. Siku ya majaribio, zamu ya dada ilipokaribia, kaka alichomoa waya wa spika ya kulia, akautia mfukoni. Dada, kama ilivyo desturi yake, alipiga uzi mmoja kujaribu kila spika kabla ya kuanza. Kulia, kimya. Fundi wa sauti hakuwa na waya wa akiba. Basi dada akarudisha vitufe vyote katikati, akapunguza matabaka, akapiga mpaka ukumbi ukatulia tuli.

Kaka akaitwa papo hapo, macho yote kwake, asiweze kuurudisha waya. Alipanga vitufe kama picha ilivyoonyesha, kwa vile hakujua kuvipanga vingine, akapiga kwa mbwembwe. Mdundo ulisikika. Wimbo wenyewe, alioufanyia mazoezi miezi mitatu, ukaishia kwenye spika bubu.

"Mbona wimbo hausikiki?" kiongozi wa bendi aliuliza.

"Kaka, spika ya kulia imekufa! Rudisha katikati!" dada alimwambia kwa huruma.

Vitufe vilikuwa sita, na kaka hakujua kipi ni cha nini. Aliupapasa waya mfukoni. Akiutoa, ataumbuka; asipoutoa, nafasi imekwenda. Hakuutoa.

"Asante, inatosha," kiongozi alisema, akamgeukia dada. "Wewe njoo kesho asubuhi."

Dada alimshika kaka mkono. "Pole, kaka. Ni bahati mbaya tu."

Kaka alishindwa kumtazama usoni. Haikuwa bahati: mchimba kisima huingia mwenyewe.